Sifuri ya Bwana Mkaguzi

Hebu mwone kwanza anavyokuja. Ni saa moja kasoro robo asubuhi, na njia ya mawe inapanda kutoka barabara kuu kwenda shuleni. Mwanamke mfupi wa miaka arobaini na minne anaipanda bila haraka. Begani ana fimbo saba zilizofungwa kwa kamba. Kwapani amebana ubao wa mchezo uliochongwa kama ngalawa ndogo, na mkononi anabeba makopo matatu ya maziwa, matupu, yaliyobonyea kila upande. Ungekutana naye njiani ungemdhani muuza vyuma chakavu aliyepitia msituni kuokota kuni. Siku moja mgeni wa pale alimsimamisha akamuuliza bei ya makopo.

"Hayauzwi," Mwalimu Leonisa alimjibu. "Haya ni ya pembe."

"Pembe gani?"

"Pembe kali, pembe mraba na pembe butu."

Mgeni alishukuru akaendelea na safari yake.

Huyo ndiye Leonisa Jandusay, mwalimu wa darasa la nne katika shule ya Bukal, kitongoji cha minazi juu ya kilima katika kisiwa cha Marinduque. Alizaliwa hapohapo, nyumba ya nne kutoka kisimani. Baba yake alikuwa mkwezi na mkaushaji mbata, mama yake msusi wa mikeka. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kusifiwa kwa hesabu, na Leonisa naye hakuonyesha dalili ya kuvunja mila.

Alipokuwa na miaka tisa, mwalimu wake alimsimamisha mbele ya darasa akamuuliza saba mara saba. Leonisa akasema arobaini. Mwalimu akashika rula. Leonisa akasema hamsini. Mwalimu akamwambia achague moja. Alichagua arobaini, akapigwa, na jioni akaenda nyumbani akamkuta bibi yake, Lola Andang, amekwisha kuweka ubao wa sungka kwenye ngazi ya chini kabisa ya nyumba.

Sungka ni bao la kwao. Una mashimo saba upande wako, mwenzako saba upande wake, na kila mmoja ana nyumba yake kubwa ubavuni mwa ubao. Kete ni kauri, saba kila shimo. Haichezwi ndani ya nyumba, maana kila mtu anajua kwamba nyumba inayochezewa sungka huungua. Kwa hiyo bibi na mjukuu walicheza ngazini, nusu nje na nusu ndani, na nyumba yao haikuungua hata siku moja, jambo ambalo Lola Andang alilihesabu kuwa ushahidi wa kutosha.

"Bibi, upande wangu kauri moja haipo," Leonisa alisema jioni hiyo.

"Umejuaje, na hata kucheza hatujaanza?"

"Ziko arobaini na nane."

"Zinatakiwa ngapi?"

"Arobaini na tisa."

Bibi akamtazama. Habari za shuleni zilikuwa zimemfikia kabla ya mtoto mwenyewe, kama zilivyo habari za shuleni popote duniani. "Mwalimu wako anasema hujui saba mara saba."

"Sijui."

"Haya. Tafuta kauri."

Waliikuta chini ya kuku aliyekuwa akiatamia.

Watu wengi hupatwa na mambo ya namna hii utotoni wakayasahau. Leonisa hakusahau, ila alichelewa kuelewa. Alisoma kwa shida, akaenda chuo cha ualimu mjini Boac kwa shida zaidi, akarudi Bukal na cheti. Kwa miaka kumi alifundisha hesabu kwa njia ileile aliyofundishwa: alisimama mbele akataja, watoto wakaitikia. Waliitikia vizuri sana. Ungepita nje ungedhani ni kwaya ya kanisa. Ukiingia ndani ukamuuliza mtoto mmoja peke yake, wimbo ulikuwa unakwisha.

Kisha siku moja wakati wa mapumziko akamwona Jestoni, kijana ambaye asubuhi ile alishindwa kugawa kumi na mbili kwa tatu mpaka machozi yakamtoka. Jestoni alikuwa amechuchumaa nyuma ya choo na wenzake wawili, wanagawana gololi kumi na saba. Alizigawa kwa kasi ya mtu anayemenya karanga. Kila mmoja akapata tano, zikabaki mbili, na hizo mbili zikawekwa kwenye mstari zipigwe, mshindi azichukue. Mwalimu Leonisa alisimama pale mpaka kengele ikalia. Mwezi uliofuata makopo yakaanza kupanda kilima.

Alifundisha eneo na mzingo kwa patintero, mchezo wa kukimbizana ndani ya miraba iliyochorwa kwa maji. Pembe alizifundisha kwa kutupa ndala kuangusha kopo, na dirisha la mwalimu mkuu likapasuka mara moja tu kwa pembe butu. Jedwali la kuzidisha kwa saba alilifundisha kwa sungka, ngazini mwa darasa, nusu nje na nusu ndani.

Wazazi walikuja kuuliza. Wa kwanza alikuwa Aling Basilia Mabutot, mama yake Rhodalyn, ambaye alipanda kilima akiwa ameshika gauni la shule la binti yake kama mtu anayepeleka kielelezo mahakamani.

"Mwalimu, mtoto anarudi amechafuka mpaka masikioni. Nikimuuliza alikuwa wapi, ananiambia hesabu."

"Ni kweli, Aling Basilia."

"Mimi nilisoma hesabu na sikuchafuka."

"Saba mara nane ni ngapi?"

Aling Basilia akalikunja gauni. "Nilikuja kwa habari ya gauni," akasema.

Basi mambo yakaenda hivyo. Wilaya ile ina shule kumi na tisa, na kwa kumbukumbu ya watu wote walio hai, katika mtihani wa hesabu Bukal ilikuwa ya kumi na tisa. Mwaka huo ikawa ya kumi na saba. Mwalimu mkuu, Bwana Honorio Monteras, aliitangaza habari hiyo asubuhi bendera inapopandishwa, akatulia kidogo ili watu wapige makofi. Ofisi ya wilaya, ambayo haijazoea kuona Bukal mahali pengine, iliandika barua kuuliza imekuwaje. Bwana Honorio, kwa furaha, akajibu kwa neno moja: michezo.

Jibu la wilaya lilikuwa refu zaidi. Mkaguzi wa hesabu, Bwana Prudencio Villaruz, ambaye ndiye aliyeandika mwongozo wa hesabu wa wilaya nzima, angekuja mwenyewe kuangalia somo. Angetumia fomu ya mambo kumi, kila jambo likiwa na alama kuanzia sifuri hadi tano, na wastani usipungue tatu. Ukipungua, Mwalimu Jandusay atahamishiwa ofisini mjini, kazi ya faili, na darasa la nne litaunganishwa na la tano chini ya Bwana Honorio mwenyewe. Darasa la nne lilikuwa na watoto kumi na wawili tu. Wilaya iliona ni wachache wa kutosha kuunganishwa.

Leonisa aliisoma barua mara mbili. Kazi ya faili haikumtisha, faili hazilii. Kilichomkaa rohoni ni wale watoto kumi na wawili kurudi kwenye kwaya. Bwana Honorio alikuwa mtu mwema, lakini ndiye aliyekuwa ameshika rula mwaka ule wa saba mara saba.

"Usiwe na wasiwasi," Bwana Honorio alimwambia. "Kukaguliwa kuna ufundi wake. Waambie watoto, anayejua jibu anyooshe mkono wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mkaguzi ataona mikono yote iko juu. Wewe chagua wa kulia tu. Mimi nimefanya hivyo miaka ishirini na miwili."

"Nusu ya hawa hawajui kulia na kushoto."

"Basi tuwafundishe hilo kwanza."

"Nilikuwa nimepanga niwafundishe wastani."

Bwana Honorio akakuna kidevu. "Kwenye fomu, jambo la kumi ni vielelezo vilivyobandikwa ukutani. Wewe somo lako liko uwanjani. Ukuta utautoa wapi?"

Leonisa akaokota makopo yake akarudi darasani.

Siku yenyewe ilipofika, watoto walikuwa wamesugua sakafu ya mbao kwa makumbi ya nazi mpaka nzi anateleza. Wanawake wa kamati walikuwa jikoni tangu alfajiri na supu ya kuku wa kienyeji kwa papai bichi, na sinia la tambi. Bwana Honorio, ili kuokoa jambo la kumi, alibandika karatasi kubwa yenye kichwa "Wastani" kwenye mlingoti wa bendera. Upepo uliichukua saa mbili na nusu, ikatua kwenye migomba ya jirani, na jirani hakuwepo.

Bwana Villaruz alifika kwa bodaboda, amevaa shati jeupe la heshima na viatu vyeusi vilivyong'aa kuliko sakafu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi, mpole wa sauti. Watoto kumi na wawili wakapanga foleni, kila mmoja akauchukua mkono wa mgeni akaugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, salamu ya heshima ya huko. Kisha mwalimu wao akawapeleka uwanjani, na mkaguzi akafuata na fomu yake.

Mchezo wa siku hiyo ulikuwa siyato. Unachimba kishimo chembamba ardhini. Unaweka kijiti kifupi, unakirusha juu kwa fimbo ndefu, na kikiwa bado hewani unakipiga kiende. Kilipoangukia unapapima kwa fimbo: moja, mbili, tatu, mpaka shimoni. Walioshindwa hukimbia kutoka mwisho wa uwanja hadi shimoni wakivuta neno moja, siyatooo, kwa pumzi moja. Pumzi ikikatika, unarudi kuanza upya. Ni adhabu ya zamani na hakuna aliyewahi kuifuta.

Mwalimu Leonisa aliwagawa makundi mawili ya watu sita. Kila mtu apige mara mbili, mapigo ya kundi yajumlishwe, yagawanywe kwa idadi yake, na kundi lenye wastani mdogo likimbie. Mama wa kundi la kwanza alikuwa Rhodalyn. Mama wa kundi la pili alikuwa Jestoni, kwa sababu huko kiongozi wa kundi huitwa mama hata akiwa na misuli.

Mkaguzi alisimama pembeni na kalamu yake. Hapo Rhodalyn akaona jambo lisilopendeza. Mgeni amesimama peke yake juani, anatazama wenzake wakicheza. Kwao hiyo ni aibu ya mwenyeji.

"Bwana mkaguzi, karibu kundi letu," akasema. "Utakuwa saling-pusa."

Saling-pusa ni paka aliyejiunga na mchezo. Kila mtoto wa huko amewahi kuwa paka huyo. Ni mdogo wako anayelia asipochezeshwa, ni binamu aliyekuja kwa likizo na hajui kanuni. Anacheza kama wote na anapiga kama wote, ila hahesabiwi. Akikosa hapotezi kitu, akipata hapati kitu, na kundi likishindwa yeye hakimbii. Ni ukarimu tu, ili mtu asilie.

Bwana Honorio alifumba macho. Lakini Bwana Villaruz alikunja mikono ya shati. "Utotoni nilikuwa hatari kwa siyato," akasema. "Leteni fimbo."

Alirusha kijiti vizuri. Akapiga. Fimbo ikapita hewani ikachota vumbi, na kijiti kikaanguka palepale kati ya viatu vyake. Hakuna aliyecheka. Watoto wa Bukal wana adabu wanapotaka.

"Haina neno, bwana mkaguzi," Rhodalyn alimwambia. "Wewe huhesabiwi."

"Vizuri," akasema Bwana Villaruz, na alisema kwa dhati.

Mara ya pili akapiga, na kijiti kikalia. Kiliruka juu ya mlingoti, juu ya Bwana Honorio, kikaenda kuangukia karibu na uzio. Walipima. Fimbo ishirini na sita. Hakuna mtoto aliyefika ishirini na moja. Mkaguzi alijifuta mikono polepole kama mtu anayetaka vumbi limuage vizuri.

Mama wa makundi wakapiga hesabu kwa chaki kwenye saruji ya chini ya mlingoti. Kundi la Jestoni, mapigo kumi na mawili, fimbo mia moja sabini na nne: wastani kumi na nne na nusu. Kundi la Rhodalyn, mapigo kumi na mawili, fimbo mia moja sitini na nane: wastani kumi na nne kamili.

"Kimbieni," Jestoni akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama karani.

Kundi la Rhodalyn lilikuwa limeshaanza kwenda mwisho wa uwanja Bwana Villaruz alipoinua mkono.

"Ngojeni kidogo. Ishirini na sita zangu ziko wapi?"

Watoto wakatazamana. "Bwana ni saling-pusa," Rhodalyn akasema.

"Ndiyo, lakini pigo limepigwa. Limepimwa. Mmeliona wote."

"Tumeliona. Lilikuwa zuri sana."

"Basi liingizwe." Akachuchumaa, akaomba chaki. "Tazameni. Mia moja sitini na nane, ongeza ishirini na sita, mia moja tisini na nne. Gawa kwa kumi na tatu. Kumi na nne, baki kumi na mbili. Kumi na mbili kati ya kumi na tatu ni karibu nzima. Wenzenu wana nusu. Sisi tumeshinda."

Alikuwa amesema sisi. Wenzake wa kundi waliisogelea ile hesabu kwa matumaini, maana hakuna anayependa kukimbia jua limepanda. Lakini Rhodalyn alikuwa ameinamisha shingo upande, kama kuku aliyeona kitu.

"Kumi na tatu imetoka wapi, bwana?"

"Mapigo yenu kumi na mawili na langu moja."

"Bwana alipiga mara mbili."

"Ile ya kwanza sikupata kitu."

"Lakini ulipiga."

"Binti, nilipata sifuri. Sifuri si kitu. Ukiongeza sifuri, jumla inabadilika?"

"Haibadiliki."

"Umeona."

"Jumla haibadiliki," Jestoni akadakia kutoka upande wa pili, "ila wanaogawana wameongezeka. Ni kama mtu kuja sherehe mikono mitupu. Chakula hakiongezeki, lakini sahani anataka."

Mtoto mmoja nyuma akasema huyo ni mjomba wake kabisa.

Bwana Villaruz akasimama, magoti yakalia. Hakuwa amekasirika, alikuwa na uso wa mtu aliyezoea kuwa yeye ndiye mwisho wa mjadala. Akamgeukia mwalimu wao. "Mwalimu Jandusay, wewe unasemaje?"

Sasa hapo msikilizaji wangu simama kidogo na Leonisa. Fomu iko mfukoni mwa mtu huyu, imekunjwa mara mbili, ncha yake inaonekana. Mwongozo wa hesabu wa wilaya aliuandika yeye. Nyuma ya mgongo wake Bwana Honorio anatikisa kichwa kwa namna inayosema kubali, kubali tu, hesabu utairekebisha wiki ijayo. Na mbele yake watoto kumi na wawili wanamngojea yeye. Leonisa aliona midomo yao imeanza kujikusanya, tayari kuitikia lolote atakalosema. Hiyo midomo aliijua. Ilikuwa ya kwaya.

"Bwana mkaguzi, ziko njia mbili," akasema. "Kama wewe ni saling-pusa, mapigo yako yote mawili yatoke. Kama wewe ni mchezaji, yote mawili yaingie. Moja ndani na moja nje, hiyo mimi sijaifundisha."

Bwana Honorio akageuka kutazama jikoni.

Mkaguzi akachuchumaa tena, akafuta kumi na tatu kwa kiganja, akaandika kumi na nne. Akagawa. Akagawa mara ya pili, chini ya ile ya kwanza, kwa namba kubwa zaidi. Jibu lilikuwa kumi na tatu, baki kumi na mbili.

"Bwana akiingia, tunashuka," Rhodalyn akasema.

"Naona."

"Kidogo tu, lakini."

"Nimeona, binti." Akatazama ile hesabu muda mrefu kuliko inavyohitaji hesabu ya namna ile. "Kwa hiyo nikitoka, mnakimbia. Nikiingia, mnakimbia."

"Ndiyo, bwana."

"Na mimi?"

"Ukitoka, hukimbii. Unakaa kivulini na mwalimu mkuu."

Bwana Villaruz aliangalia kivulini. Bwana Honorio alikuwa pale, anajipepea kwa kofia, na pembeni yake kiti kitupu chenye mto.

"Nihesabuni," akasema mkaguzi.

Akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya mlingoti. Wakaenda wote saba mwisho wa uwanja. Alikimbia vizuri kwa mtu wa umri wake na shati lake. Pumzi ilimkatika hatua ishirini tu kutoka mwanzo, na Jestoni, aliyekuwa mwamuzi, akanyoosha kidole kumrudisha. Ya pili ikamkatika katikati. Watoto wa kundi lake walikuwa wameshafika shimoni, lakini walirudi mwisho wa uwanja kukimbia naye, jambo ambalo kanuni hazidai. Ya tatu akafika, uso umekuwa rangi ya kamba aliyechemshwa, na neno likawa limebaki sauti ya mlango wenye kutu.

"Imepita," Jestoni akasema, baada ya kufikiri.

Kengele ikalia. Watoto wakaenda kunawa, na watu wazima watatu wakaingia ofisini, ambako supu ilikuwa tayari mezani na mvuke wake. Bwana Villaruz aliomba wamalize kazi kwanza. Akaikunjua fomu, akaibandua kidogo maana jasho lilikuwa limeishika, akaanza kujaza. Leonisa alikaa upande wa pili wa meza, mikono mapajani. Fomu aliisoma kichwa chini, ujuzi ambao kila mwalimu anao.

Maandalizi ya somo, tatu. Kufuata mwongozo wa wilaya, mbili. Kumudu darasa, tatu. Ushiriki wa wanafunzi, tano. Hapo kalamu haikusita. Usafi wa mavazi ya wanafunzi, moja. Na kadhalika, mstari baada ya mstari. Alikuwa mtu wa haki. Hakutoa zaidi wala hakupunguza kwa sababu ya kukimbia. Alipofika jambo la kumi, vielelezo vilivyobandikwa ukutani, akainua kichwa.

"Vielelezo?"

"Somo lilikuwa nje," Leonisa akasema. "Nje hapana ukuta."

"Kilikuwepo kimoja," Bwana Honorio akasema. "Kilichukuliwa na upepo."

Bwana Villaruz akaandika sifuri. Ilikuwa sifuri nzuri, ya mviringo, iliyofungwa vizuri juu. Kisha akajumlisha kwa kunong'ona, kalamu ikishuka kila mstari.

"Ishirini na tisa," akasema.

Akaandika chini yake. Ishirini na tisa, gawa kwa tisa. Tatu, baki mbili.

"Tatu na ziada. Umepita." Akaigeuza fomu, akaisukuma upande wa pili wa meza, na kalamu juu yake. "Weka saini hapo chini, kwamba umeisoma na umekubaliana nayo."

Leonisa akachukua kalamu. Akaitazama ile tisa. Kisha akaitazama mistari, na mistari ilikuwa kumi. Hakuhitaji kuihesabu lakini aliihesabu. Ishirini na tisa kwa kumi. Haifiki tatu. Inakosa sehemu moja ya kumi, kitu ambacho ukikidondosha sakafuni hukioni, nacho kinatosha kumpeleka mjini kwenye faili, na watoto kumi na wawili kwenye kwaya.

Aliinua macho. Bwana Villaruz alikuwa anajifuta shingo kwa leso na kutazama dirishani, ambako Rhodalyn na Jestoni walikuwa bado wanabishana chini ya mlingoti, kila mmoja na kipande chake cha chaki. Kama alikuwa amesahau, au hakusahau, au mbio zile tatu zilikuwa bado hazijamtoka kichwani, uso wake haukusema. Ulikuwa uso wa mtu mwenye njaa tu.

"Saini, mwalimu," Bwana Honorio akasema. "Supu inapoa."

Basi yuko pale, kalamu mkononi, mahali pa jina peupe mbele yake. Dakika ishirini hazijapita tangu alipomwambia mtu huyuhuyu, mbele ya watoto, kwamba moja ndani na moja nje yeye hajaifundisha. Wewe unayenisikiliza, ungekuwa kwenye kiti kile, ungeandika jina lako, au ungemuuliza kwanza Bwana Villaruz ile tisa ameipata wapi?